Stelingi Hakuja

Sisi tuliokulia vibanda vya video tunaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atavuja damu, lakini kabla mkanda haujaisha atainuka awashikishe adabu maadui. Katika Commando ya mwaka 1985 nilimwona Schwarzenegger akiwamaliza makumi ya watu, nasi mabenchini tukapiga miluzi. Hakuna aliyeuliza kama wale waliolala chini nao wana mama zao.

Siku moja pale Manzese nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Nikatimua mbio kuelekea kwenye kelele. Naungama: nilikimbilia kutazama.

Kijana mwenyewe alikuwa rika langu. Ngumi ya kwenye video hulia "pwaa!" Kumbe mlio ule hutiwa baadaye studioni, na mkono wenyewe hupita hewani tu bila kugusa shavu. Ngumi ya kweli hulia kidogo, kama mtu anayekung'uta godoro. Wala hapakuwa na muziki wa kutuambia tumhurumie nani. Daladala zilipita, muuza mihogo akaendelea kugeuza mihogo yake. Kijana hakutamka neno lolote la kishujaa. Alisema tu, "Jamani, kaka zangu." Nami nilikuwa mmoja wa hao kaka.

Linalonitia aibu mpaka leo ni kwamba nilikuwa nasubiri. Moyoni nilikuwa bado nimekaa benchini, nikimngoja stelingi. Hakuja. Polisi walikuja wakamtupia kwenye gari, tukatawanyika. Kama ungekuwa mkanda, ningejua mwisho wake. Sijui kama alipona.

Rafiki yangu huniambia, "Achana nayo bwana, wewe si hukumgusa?" Kweli, sikumgusa. Lakini swali langu liko palepale: anayetazama tu ana hatia? Kibandani nimelipa kiingilio, na siwezi kupenya kioo nikamwokoe mtu; sidaiwi kitu. Manzese hapakuwa na kioo. Tulisimama bega kwa bega, safu nyuma ya safu, na nakumbuka vizuri: mara mbili kijana alijaribu kukimbia, mara mbili akagonga vifua vyetu. Sisi watazamaji ndio tuliokuwa ukuta wake.

Basi wenzangu mnaoshika kalamu, mkimwandika mtu anayepigwa, waandikeni na waliosimama.