Wapo Wengi

Uwani kwangu hapa Morogoro hutua njiwa-mwitu wa aina nne. Majirani huwaita wote njiwa, basi, yakaisha. Siwalaumu. Ukiwatazama kwa haraka wote ni wa kijivujivu, wana vichwa vidogo, na wanatembea wakitikisa shingo kama watu wanaokubali kila wanachoambiwa. Lakini kaa nao asubuhi mbili tatu, chai mkononi, usiwe na haraka, na wataanza kuachana.

Mkubwa wao ana jicho jekundu na nusu pete nyeusi nyuma ya shingo. Akilia hutoa milio sita mizito, kama mzee anayesomewa barua na kuirudia neno kwa neno. Wa pili ana pete hiyohiyo, ila ni mdogo zaidi, rangi yake imepauka, jicho lake jeusi, na akiruka utaona weupe kwenye pembe za mkia. Huyu ndiye anayelia kutwa: twendeni, twendeni, twendeni. Saa saba mchana, jua la utosi, yuko kwenye mwarobaini anasisitiza twendeni, na yeye mwenyewe haendi popote. Wa tatu hana pete kabisa. Kifua chake cha rangi ya shaba kina madoa meusi, na mlio wake ni kicheko cha chinichini, kama cha mtu aliyekumbuka kichekesho msibani. Wa nne ni kadogo, kana madoa ya kijani yanayong'aa kwenye mbawa. Hako hukaona chini kivulini, kakiokota mbegu. Kanaanza kulia polepole, halafu milio inafukuzana ikishuka mpaka inakatika.

Wote wanne wana kitu kimoja ambacho kuku hana: wakinywa maji huzamisha mdomo na kuvuta moja kwa moja, bila kuinua kichwa. Bomba langu linavuja, ndiyo maana nalijua hili.

Kiswahili hakijawanyima majina. Tuna hua, tetere, pugi, ninga. Ila ukifungua kamusi, mara nyingi utaambiwa tu ni ndege wa jamii ya njiwa. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki kinawachora mmoja mmoja vizuri sana, lakini kwa Kiingereza. Niliwahi kuwasikia watu wazima wawili wakibishana nusu saa nzima yupi hasa ndiye tetere, na nikafurahi, maana ubishi ule ulikuwa dalili kwamba kuna watu bado wanatazama.

Sasa, likizo iliyopita mpwa wangu alikuja na manati. Ana miaka kumi na moja na shabaha yake si haba. Nikamkuta amemlenga yule wa kicheko. Nikamzuia. Akanishangaa, wala hakuwa na kiburi: "Mjomba, si njiwa tu? Wapo wengi."

Neno hilo limekaa nami kuliko nilivyotarajia, kwa sababu si la mtoto. Ni la kwetu sote. Dada wa kazi akidai mshahara wake wa miezi mitatu, anaambiwa kama hataki aondoke, wapo wengi. Bodaboda akigongwa barabarani, mtu aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi anasema, jamani, hawa nao wapo wengi mno. Msichana aliyeachwa anafarijiwa kwa neno hilohilo, eti wanaume wapo wengi, kana kwamba alikuwa akimlilia mwanamume yeyote.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la historia. Marekani Kaskazini kulikuwa na njiwa wa kuhama, mabilioni, makundi yanayofunika jua kwa saa nyingi. Watu waliwapiga risasi, waliwatega kwa nyavu, waliwajaza kwenye mapipa na kuwasafirisha kwa reli hadi sokoni. Nani angewahurumia? Walikuwa wengi. Wa mwisho aliyejulikana, jike aliyeitwa Martha, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Ndiyo hivyo: wengi wanaisha.

Kisa hicho ni cha kweli na kinasikitisha, lakini nilipokaa nikakifikiri vizuri, niliona hakimjibu mpwa wangu. Kinamwambia kwamba kosa la Wamarekani lilikuwa la hesabu tu. Kwamba wangepiga kwa kiasi, yasingekuwapo malalamiko. Kwa mantiki hiyo ninga wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila kisiwa kile, anastahili huruma, na wangu wa twendeni, ambaye amejaa kutoka huku mpaka Afrika Kusini, hastahili hata kidogo. Mtoto angeniuliza: kwa hiyo nikimuua mmoja tu? Na hesabu ingekuwa upande wake.

Kati ya wale wa kicheko kuna mmoja mwenye uzi mguuni. Ulimnasa, ukamkata vidole viwili, naye akapona akawa anachechemea. Yeye peke yake ndiye ninayeweza kusema kwa hakika kwamba wa jana ndiye wa leo. Nakiri moyo wangu humtafuta yeye kwanza. Lakini hapo ndipo penye swali: je, wenzake wasio na kilema wana haki ndogo zaidi ya kuishi kwa sababu tu jicho langu halina uwezo wa kuwatofautisha? Haiwezekani. Ule wingi uko machoni mwangu, wao hawaujui. Hakuna njiwa aliye "wengi". Yule aliyelengwa alikuwa mmoja, ana koo moja, na huenda makinda mawili yalikuwa kwenye kile kiota chao cha vijiti vichache, ambacho hata mimi ningeona haya kukiita nyumba.

Nilimweleza mpwa wangu hayo, kwa maneno mepesi zaidi. Akasikiliza. Halafu akauliza nilichojua atauliza: "Mbona babu alikuwa anawanasa kwa ulimbo na mkawala?"

Ni kweli, tuliwala, na mchuzi wake niliupenda. Nikamwambia babu hakusema wapo wengi hata siku moja. Alisema watoto hawana mboga. Hiyo ni sababu. Unaweza kuipima, ukaikubali au ukaikataa, na aliyeitoa alimtazama ndege aliyekuwa mkononi mwake. "Wapo wengi" si sababu. Ni njia ya kukwepa kutoa sababu.

"Kwa hiyo nikiwa na njaa?"

Nikamwambia akanawe mikono, chakula tayari. Siku hiyo mboga ilikuwa dagaa. Akaliinamia bakuli muda mrefu, akawagusagusa kwa kidole, kisha akainua macho, akanitazama.