Kutoka Kriketi hadi Boma

Leo nawawaza mabwana shauri, yaani maofisa wa wilaya wa kikoloni. Ralph Furse, aliyesimamia uajiri wa maofisa wa makoloni ya Uingereza hadi 1948, aliwapenda vijana wa Oxford na Cambridge, hasa wanamichezo. Alitazama haiba kuliko alama za mtihani. Basi juzi kijana anacheza kriketi, leo yuko bomani, ofisi ya serikali wilayani, anaamua kesi ya shamba la mzee aliyemzidi miaka arobaini! Haya, wapo waliojifunza maisha ya wenyeji. Ofisa J. A. K. Leslie aliwachunguza wakazi wa Dar es Salaam miaka ya 1950: kodi za vyumba, kazi, ndoa. Kitabu cha uchunguzi huo kikatoka 1963. Tanganyika ilikuwa imeshajitawala.