Je, Ni Upendo Kumpa Mgonjwa Sigara?



Hapa Remera nilimtembelea mzee wetu mmoja ambaye mapafu yake yameharibika kwa miaka mingi ya kuvuta tumbaku. Sasa anapumua kwa msaada wa oksijeni, mrija puani. Tangu asubuhi binti yake alikuwa amemnyima sigara. Akaniambia: "Mchungaji, mke nimemzika, nchi nimeiacha. Ninunulie moja tu." Nakiri, mkono wangu ulikwenda mfukoni. Mimi ni nani nimnyime furaha ndogo aliyobakiza?

Tufikiri pamoja. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini kila kinachowaka huifanya kiwake upesi na kwa nguvu. Inaingia katika nguo, nywele na blanketi, hivyo hata mashine ikizimwa hatari haiondoki papo hapo. Cheche moja inaweza kumchoma uso, kisha godoro, kisha nyumba. Na sisi tunaishi ukuta kwa ukuta. Wajukuu wanalala chumba hicho hicho. Tena moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa yenye sumu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mashine inampa pumzi, sigara inamnyang'anya.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 inakataza kuvuta sigara mahali pa watu wengi, pamoja na hospitalini. Lakini chumbani kwa mgonjwa hakuna askari, kuna dhamiri tu.

Wengine watasema: "Amejitakia." Hapana. Wengi walianza wakiwa vijana, wengine njiani wakikimbia, wakitafuta kutuliza hofu na njaa. Anayekosa pumzi haulizwi kwanza aliipotezaje. Tumkatalie sigara, tusimkatae yeye.

Sikununua. Niliketi naye mpaka hamu ikapungua. Nilimweleza kwamba saa 12 tu baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksidi katika damu hushuka. Kwa hiyo hajachelewa. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya kuuliza dawa za kumsaidia kuacha.

Ndugu zangu, mkimtembelea mgonjwa wa oksijeni, wekeni mbali sigara, kiberiti, mshumaa na jiko. Msiende mikono mitupu: pelekeni muda wenu, mkae naye. Mungu atusaidie.