Jicho la Mgeni

Kisiwa cha Unguja hakina mlima. Kilima cha Masingini hakifiki hata mita 150, na mtu atokaye bara, aliyezoea kuuona Kibo ukisimama mita 5,895 juu ya bahari, hukiita tuta. Hata hivyo, haja ile impandishayo mtu mlimani, haja ya kuziacha nyumba za watu nyuma na kutazama mahali pasipoonekana kazi ya mkono, wakazi na wageni wa Mji Mkongwe wanayo pia. Aghalabu huitimiza katika msitu wa Jozani. Hutoka mjini asubuhi, huenda mwendo wa kilomita 35 hivi upande wa kusini-mashariki, hupita chini ya mitondoo na michikichi, huwatazama kima punju, na kabla ya magharibi wamekwisha rudi. Wakiulizwa walichukua nini huko, hujibu kwamba hawakuchukua kitu, walitazama tu.

Neno hilo "tu" ndilo lenye mashaka. Je, kutazama ni tendo lisilo deni?

Hoja ya asemaye kwamba halina deni si dhaifu. Mtazamaji hakati mti, hawindi, hachomi mkaa. Macho ya watu elfu hayapunguzi jani moja, na pasipopungua kitu hapana wa kulipwa. Hoja hiyo ingetosha kama mahali panapotazamwa pangekuwa pamejitunza penyewe. Jozani haikujitunza. Ilifanywa msitu wa hifadhi mwaka 1960, na mwaka 2004 ikawa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Kila mpaka una upande wa pili. Upande huo, katika vijiji kama Pete, wanakaa watu waliokuwa wakipata msituni kuni na miti ya kujengea. Mgeni hukikuta cha kutazama kwa kuwa mwenyeji alizuiwa, au alijizuia, kukitumia.

Kima naye hajui mpaka. Huvuka na kuingia mashambani. Punju ni sumu, na wakulima hawakumpa mnyama jina hilo kwa mapenzi. Walisema kwamba mti anaoulisha hunyauka. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Siex na Struhsaker, walichapisha utafiti wao juu ya kima na minazi. Walikuta kwamba kima hula vidaka vichanga kwa wingi, lakini mavuno ya nazi hayakupungua. Palipoliwa zaidi ndipo palipovunwa zaidi, pengine kwa sababu mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza. Msomi hufurahi kusikia habari hiyo, na mara huona kwamba mkulima amekwisha shindwa katika shauri. Asifanye haraka. Mnazi si muhogo wala si maharagwe, na saa anazokesha mtu kulinda shamba lake hazihesabiwi katika nazi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa jambo hili Jozani imefanya vizuri kuliko mahali pengi, maana sehemu ya viingilio hugawiwa vijiji jirani. Lakini fedha hiyo ni fidia ya hasara. Haigusi deni jingine, ambalo ni deni la ushahidi. Mtazamaji akirudi kwao hueleza alichokiona, na maelezo yake huaminiwa kuliko ya mtu aliyezaliwa pale. Akisema aliona pori tupu, amewafuta watu waliolitunza.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro na weupe wa kilele chake. Alipomwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, weupe ule ni nini, alijibiwa kwamba ni baridi. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, akaandika, na huko Ulaya mwanajiografia Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima huo, akamkanusha kwa miaka mingi. Katika vitabu vingi kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa Wazungu wawili. Bwana Kheri, aliyekuwa amekwisha kulijibu swali lile, hutajwa kwa nadra. Jibu lake halikuwa pungufu: mmoja aliujua weupe kwa jina lake, mwingine kwa unavyofanya mwilini mwa mtu.

Isidhaniwe, basi, kwamba jicho la mwenyeji halikosi. Chui wa Unguja ni ushahidi mchungu. Wengi kisiwani waliamini kwamba baadhi ya chui walifugwa na wachawi ili kuwadhuru majirani, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wachawi na chui wakasakwa pamoja. Sasa wataalamu wengi humhesabu chui huyo kuwa ametoweka, ingawa mwaka 2018 kamera iliyotegwa kisiwani ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa ni yeye. Kuishi karibu na kitu si kukiona.

Tofauti ya macho hayo mawili haimo katika usahihi, imo katika gharama. Mwenyeji akikosea, yeye hubaki na kosa lake: hukosa mavuno, au hukosa mnyama ambaye wajukuu wake wangemjua. Mgeni akikosea hapotezi kitu. Jioni yu mjini, na kosa lake limebaki msituni.

Barabara iendayo kusini hupita kando ya msitu, na zamani kima wengi waligongwa na magari hapo. Matuta yakajengwa, na vifo vikapungua. Jioni magari yenye wageni hufika kwenye matuta hayo yakiharakia mjini. Dereva hukanyaga breki, abiria huinuka kidogo vitini mwao, na mara nyingi yupo mmoja aulizaye ni nani aliyeiharibu barabara nzuri namna hii.