Anza na Upande wa Mwenzako

Inapokaribia saa tisa alasiri, katika nyumba nyingi za kutunzia wazee huku magharibi mwa Sydney, zamu mbili hukutana. Wa asubuhi wanavua glavu, wa jioni wanabandika kadi za majina kifuani. Ripoti inasomwa harakaharaka: nani hakula mchana, nani alikataa dawa, nani aliamka na kizunguzungu. Kwenye chumba cha chai, kando ya friji, ratiba ya wiki mbili zijazo imebandikwa, na wafanyakazi wawili wamesimama mbele yake bila kutazamana. Mmoja ni dada yetu wa kutoka Goma, mwenziwe ni mama kijana wa Nepal. Dada amepangiwa Jumapili zote mbili, na ana hakika huyu mwenziwe ndiye aliyekwenda kumnong'oneza meneja. Hakuna anayepaza sauti. Dada anachukua mkoba wake, anapanda basi la kwenda Blacktown, na njia nzima anagombana na yule mwenziwe kichwani, huku akimsemea na majibu yake.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekiunga kutokana na mengi mnayonieleza baada ya ibada, nikabadilisha vya kubadilishwa ili asiwepo wa kujiona ametajwa. Lakini ugomvi wa ndani ya basi tunaujua sote. Kule kichwani hatushindwi hata siku moja. Mwenzetu hana nafasi ya kujieleza, tunamjibia wenyewe, na kila jioni anazidi kuwa mbaya kuliko alivyokuwa jana yake. Je, wiki hii umegombana na nani bila yeye kujua?

Waajiri wa mji huu wamejifunza kuutilia maanani ugomvi wa namna hii. Tangu 2021 jimbo la New South Wales lina mwongozo rasmi unaomtaka mwajiri azuie madhara ya akili na hisia kazini kwa uzito uleule anaoupa usalama wa mwili, na mivutano ya wafanyakazi imetajwa humo. Hii ni sababu mojawapo inayofanya wengi wenu mwitwe kwenye semina, mkae na mkufunzi wa mawasiliano na usuluhishi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wapo walioniambia walikwenda shingo upande. Wapo pia walioniuliza kama Mkristo ana haja ya kufundishwa amani na mtaalamu wa kulipwa. Swali hilo ni la heshima, na sikutaka kulijibu haraka.

Miongoni mwa walioijenga kazi hii ya kufundisha usuluhishi hapa Sydney alikuwa Stella Cornelius, mama mfanyabiashara aliyezaliwa 1919, ambaye jina lake lilifahamika mjini kwa biashara ya makoti ya manyoya. Mwaka 1973 alianzisha programu ya amani ndani ya Chama cha Umoja wa Mataifa cha Australia, na humo ndimo ulimotoka mtandao uitwao Conflict Resolution Network. Kwa ajili ya mwaka 1986, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Amani, serikali ya Australia ilimkabidhi uongozi wa ofisi ya kuratibu mwaka huo. Binti yake Helena, pamoja na Shoshana Faire, wakaandika kitabu, Everyone Can Win, kilichotoka 1989 na kuwa msingi wa semina nyingi za makazini. Stella alifariki 2010. Kuna jambo moja katika habari zake linanigusa sana. Mtandao wake uliruhusu watu wanakili masomo yake na kuyafundisha bila malipo. Mtu aliyehangaikia amani ya mataifa hakuona ni udogo kuhangaikia pia watu wawili wasiosalimiana kwenye chumba cha chai.

Sasa nikuonyeshe zoezi moja katika masomo hayo, maana ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Wanaliita kuchora ramani ya mgogoro. Mkufunzi anatundika karatasi kubwa ukutani. Katikati anaandika jambo lenyewe, kwa maneno yasiyomchoma yeyote. Haandiki "uchoyo wa fulani". Anaandika "zamu za Jumapili", basi. Kisha anaigawa karatasi, kila mhusika na sehemu yake, na kwa kila mmoja anauliza maswali mawili tu. Anahitaji nini? Anaogopa nini? Haulizi kosa ni la nani. Haulizi nani alianza.

Mweke dada yetu kwenye karatasi hiyo. Anahitaji Jumapili kwa ibada, na kwa sababu siku hiyo ndiyo pekee anayokutana na watu wa lugha yake. Anaogopa kwamba akilalamika ataonekana msumbufu, na saa zake zitapunguzwa. Haya tunayaandika upesi, maana tunayajua. Halafu kalamu inahamia upande wa pili, na hapo mkono unasita. Yule mama wa Nepal anahitaji nini? Huenda ana mtoto mdogo, mumewe hufanya kazi Jumapili, na vituo vingi vya kulelea watoto hufungwa wikendi. Anaogopa nini? Huenda viza yake imeshikwa na mwajiri huyuhuyu, naye hulala akiwaza siku atakayoambiwa hatakiwi tena. Ukiendelea kuichora ramani unamwona na wa tatu, yule kijana mwanafunzi ambaye sheria ya viza inamzuia kupita saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati wa masomo. Kwa kijana huyo Jumapili, yenye malipo ya juu kuliko siku za kawaida, ndiyo zamu anayoitamani. Mbele ya friji hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Moyo wa mtu ni msitu, walisema wahenga, na hatuwezi kuumaliza kwa karatasi moja. Lakini tazama kilichotokea kalamu ilipovuka mstari. Mtu aliyekuwa adui ndani ya basi ameanza kuwa na mtoto, na kodi ya nyumba, na usiku wa wasiwasi. Hajasema neno, hajaomba radhi, na tayari hasira yetu imepungua makali. Mimi nasema hilo ni tendo la upendo, hata kama aliyelifundisha hakulitaja jina la Bwana. Tumeagizwa kumpenda jirani kama nafsi zetu. Tutampendaje tusiyejua anachokihofia? Na je, umewahi kumwombea mtu wa kazini kwa kutaja hofu yake, badala ya kumtajia Mungu makosa yake?

Baada ya ramani huja kusema, na hapa wengi wetu tunakwama. Tulipokulia, iwe Bukavu, Kigoma au Mombasa, mtoto hamkabili mkubwa wake. Ukiwa na neno unamtuma shangazi au mjomba, au unamwona mzee, naye anajua saa ya kuingia na namna ya kuanza. Huku Sydney mfagiaji na meneja wanaitana kwa jina la kwanza, na mkufunzi anakwambia uende mwenyewe. Anakufundisha useme ulichokiona, jinsi kilivyokugusa, na unachopenda kifanyike: "Nilipoona Jumapili zote mbili ni zangu, niliumia, na ningependa tuongee tugawane." Husemi "Wewe siku zote..." wala "Ninyi watu wa..." Kwa masikio ya nyumbani maneno hayo yaweza kuonekana makavu. Lakini Yesu naye, katika Mathayo sura ya 18, anaanza palepale: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Ikishindikana, mchukue mmoja au wawili. Kanisa linakuja baadaye. 

Nadhani tumeshika sana hatua ya pili na kuiacha ya kwanza. Mzee tunamwita, kundi la WhatsApp tunaliambia, mchungaji tunampigia simu, na yule tuliyekosana naye ndiye wa mwisho kusikia. Kwa upande mwingine, nimeona pia kwamba sentensi iliyofundishwa vizuri yaweza kutamkwa kwa moyo mgumu, na anayeisikia hujua. Semina inaweza kukupa maneno, lakini utayari wa kwenda huupati ukumbini. Huo tunauomba asubuhi kabla ya zamu, na mara nyingi tunauomba tena tukiwa tumeshaushika mlango.

Soma kwa utulivu mwanzo wa sura ya 4 ya Wafilipi. Paulo amefungwa, ana mengi ya kuandika, na bado anasimama kwa ajili ya wanawake wawili wasiopatana, Euodia na Sintike. Walikuwa wenzake katika kazi ya Injili, waliishindania pamoja naye. Hatuambiwi waligombania nini, wala nani alikuwa na haki. Paulo anamsihi mmoja, kisha anamsihi na mwingine, kila mtu peke yake, bila kumtanguliza yeyote kwa lawama. Halafu anamgeukia mwenzake wa karibu na kumwomba awasaidie. Mwenzake huyo hakutajwa jina. Paulo anasema tu kwamba majina ya watenda kazi hao yamo katika kitabu cha uzima, ugomvi wao ukiwa bado haujaisha. Mpendwa, hebu likae hilo moyoni. Mtu usiyesemezana naye leo kazini anaweza kuwa mtu ambaye Mungu amemwandika tayari.

Na labda wewe ndiye yule asiye na jina, uliyewekwa kati ya wawili ili uwasaidie. Kazi hiyo ni nzuri, hata kama hakuna cheti cha semina mkononi mwako.

Kuna jambo ambalo siwezi kuliacha lipite. Wapo kati yenu mnaonyamaza na kuita kunyamaza huko msamaha. Msamaha unaujua uchungu na kuutaja, kisha unauachilia. Ukimya wa hofu unauzika, nao hufufuka usiku. Tena si kila shida ya kazini ni mgogoro wa watu wawili wenye haja zao. Kama unatukanwa kila mara, unadhalilishwa mbele ya wengine au unatishwa kuhusu viza yako, hilo ni uonevu, na ramani ya karatasi si dawa yake. Sheria ya Australia inautambua: matendo yasiyo ya haki, yanayorudiwa, yanayohatarisha afya ya mtu. Bosi kukurekebisha kwa adabu na kwa sababu hakumo. Tangu Januari 2014 mfanyakazi wa kampuni au shirika binafsi, kwa kawaida, anaweza kuiomba tume ya kazi ya taifa, Fair Work Commission, itoe amri uonevu ukome. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, huduma ya serikali ya TIS National inapatikana kwa simu 131 450. Mtu asikwambie kwamba imani inakudai uvumilie hayo kimya. Unaweza kumsamehe anayekuonea na bado ukampeleka mbele ya sheria, na mara nyingine kumzuia asiendelee kutenda ubaya ndiyo huruma atakayoipata kwako.

Lakini kama lako ni la ratiba, la maneno yaliyopokelewa vibaya, la salamu iliyokatika tangu mwezi uliopita, nakusihi ufanye hivi wiki hii. Keti mezani usiku mmoja, watoto wakishalala, na karatasi na kalamu. Andika jambo katikati bila kumtaja mtu kwa ubaya. Anza na upande wa mwenzako, andika anachohitaji na anachoogopa, na usipojua, andika kwamba hujui. Liombee kila neno uliloliandika. Kisha mtafute mapema kabla ya zamu, mahali pasipo na watu, umwambie kwa upole kwamba kuna jambo ungependa mliweke sawa, halafu umuulize lile ambalo hukulijua. Mwache amalize kujibu.