Mgeni wa Siku Tatu

Je, mtu aliyekaa katika mji kwa siku tatu ana haki gani juu ya mji huo? Waweza kudhani, msomaji, kwamba swali hili ni dogo, nalo lawahusu matajiri wazungukao dunia kwa starehe. Sivyo. Kila mmoja wetu ni mgeni mahali fulani, na mwenyeji mahali fulani. Atakaye kuujua wajibu wake hana budi kujiweka katika hali zote mbili.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi wa Mosocho, katika vilima vya Kisii, amepata nafasi ya kuzuru Lamu wakati wa likizo. Ameiacha migomba na baridi ya nyumbani, ameivuka nchi nzima hata pwani, kisha amepanda mashua. Mji anaoukuta haufanani na wowote aliopata kuuona. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba hata motokaa haiwezi kupita. Mizigo huchukuliwa na punda. Milango imetiwa nakshi, na mbele yake pana madaka ambapo wazee huketi na kuzungumza. Mwaka 2001 mji huu ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Jioni ya tatu mwanafunzi wetu ajisemea moyoni: "Laiti mji huu ungebaki hivi milele!"

Maneno hayo ni matamu, nayo yatoka katika mapenzi. Lakini tuyapime. Utulivu aliouona umesimama juu ya kazi za watu. Punda aliyepita polepole alibeba mawe ya mwashi. Mashua iliyopendeza machweoni ilimrudisha mvuvi ambaye yamkini hakupata kitu. Boriti zilikatwa na watu waliosimama kutwa katika tope la mikoko. Hata maji aliyokunywa yana habari yake: mvua huzama katika vilima vya mchanga vya Shela, na maji matamu yaliyowekwa chini ya mchanga huo ndiyo yaliyounywesha mji tangu zamani. Wageni waliovipenda vilima hivyo walitaka nyumba karibu navyo. Na nyumba ijengwayo juu ya mchanga ule yatia hatarini kisima cha watu wote. Basi mapenzi yaweza kukidhuru kitu kipendwacho, hata pasipokuwa na nia mbaya.

Sasa geuza mambo. Mgeni kutoka mbali amekuja Mosocho kwa siku tatu. Asifu kijani cha vilima na vijia vya udongo, kisha asema: "Msitie lami hapa, mtauharibu uzuri." Ungemjibu nini? Ungemkumbuka mama yako ashukaye kijia hicho wakati wa mvua na mkungu wa ndizi, na mgonjwa achukuliwaye kwa machela mpaka barabara kuu. Ungelikumbuka shamba la babu lililogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata likawa vipande vyembamba ambavyo kutoka kilima cha pili huonekana kama ukili wa mkeka. Mgeni aona mkeka. Wewe waona upungufu wa ardhi. Wote wawili mna macho, lakini wewe ndiwe utakayekaa hapo mgeni akiisha kwenda.

Yako mafunzo pia ng'ambo ya bahari. Huko Italia uko mji wa Venice, ambao njia zake kuu ni mifereji ya maji. Mwaka 1951 sehemu yake ya kale ilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni hii: nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni, na kodi imempanda kichwani mkazi wa kawaida. Mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza ada wageni wa kutwa katika baadhi ya siku. Kusini yake uko Chioggia, mji mdogo wa mifereji, ambao ungali una wavuvi wake na soko lake la samaki. Mgeni aendaye huko kutafuta utulivu huukuta kwa sababu wako watu wenye shughuli zao, wasiomngojea yeye.

Utauliza: je, mgeni anyamaze kimya? Na kama wenyeji wenyewe wataka kuuza urithi wao? Swali hili lina uzito, kwa maana uzuri wa mji ni amana, na wenye amana ni pamoja na watoto wasiozaliwa. Lakini usidhani wenyeji hawaijui amana yao. Watu wa Lamu walipopelekewa shauri la mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wako waliokwenda kulipinga, na mwaka 2019 baraza la kesi za mazingira lilifuta leseni yake. Juu ya bandari mpya, wengine waliitumaini kwa kazi, wengine waliiogopa kwa ajili ya bahari yao; mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia, na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Hawakuwa na kauli moja, wala mji wenye watu hai hauwi na kauli moja. Hata hivyo walibishana juu ya maisha yao wenyewe, na mgeni hawezi kuwabishania badala yao.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huidhani methali hii kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona ni ya kumheshimu. Jembe lamtoa katika kutazama na kumtia katika kushiriki. Aliyelima nawe saa moja ajua udongo wako ni mgumu kiasi gani, na shauri lake lastahili kusikilizwa. Asiye na nafasi ya kulima na aulize kabla ya kusifu, alipe bei ya haki, na asiutake mji ukae maskini ili yeye aburudike.

Siku utakapokwenda ugenini, msomaji, penda unachokiona. Kisha mtafute aliyekitengeneza, umwulize yeye anataka nini.