Mazungumzo na Ibada

Jioni ya masika hapa Mpuguso, wilayani Rungwe, mvua ikiisha kuipiga migomba, wazee hukizunguka chungu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake. Maji ya moto huongezwa kidogo kidogo, na maneno hayakatiki. Je, saa hizo ni riziki aliyokirimiwa mwanadamu, ama ni deni atakaloulizwa mbele ya Mola wake?

Wamishonari Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, hawakusita kujibu: aliyetaka ubatizo aliiacha pombe, na ngoma akaziacha. Siwalaumu kwa kuuchukia ulevi, maana nimeona nyumba zilizovunjwa nao. Ila chunguni mle mlikuwa na jambo jingine, ambalo Wanyakyusa wa hapa huliita ukwangala: kukaa pamoja kwa raha na adabu, kula, kunywa na kusemezana watu walio sawa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi nchi hii katika miaka ya 1930, aliliona kuwa ndiyo roho ya maisha yao, akakipa kitabu chake jina la maana hiyo. Zamani wavulana, wapatapo umri wa miaka kumi hivi, walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vya rika lao. Na baada ya kuchunga walikwenda kundi zima kula kwa mama wa mmoja wao, na siku ya pili kwa mama wa mwingine. Huko ndiko walikojifunza kuijibu hoja pasipo hamaki. Na watu wa pwani nao, katika Kiswahili cha kale, waliposema kuzungumza walikusudia kuongea na kujiburudisha pia, kwa neno moja.

Swali hili, kama starehe ni riziki ama ni deni, lina umri mkubwa kuliko misheni zetu. Katika makoloni ya Waingereza huko Amerika, Wapuritani wa Massachusetts walipitisha sheria mwaka 1659 ya kumtoza shilingi 5 yeyote atakayeiadhimisha Krismasi kwa karamu au kwa kuacha kazi, na haikufutwa mpaka 1681. Lakini Wamoravian, wa kanisa lile lile lililotufikia sisi, walipoujenga mji wa Bethlehem katika Pennsylvania mwaka 1741, walikuwa na desturi waliyotoka nayo Ujerumani ya kuketi na kula pamoja kwa nyimbo, wakiiita karamu ya upendo. Na mwaka 1754 wakaletewa matrombone kutoka Ulaya ya kusindikiza nyimbo. Basi kanisa hilo lilikuwa jirani ya ukwangala kuliko lilivyodhani, na naona huzuni kwamba vyungu vilihukumiwa kabla ya mazungumzo kusikilizwa.

Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba, naye hachoki. Nami nasadiki kwamba alistarehe ili awe pamoja na alivyoviumba.

Jumapili, tarumbeta zikiisha kunyamaza, watu hawana haraka ya kwenda makwao. Husimama uani mwa kanisa, mashuka mabegani kwa baridi, wakiulizana habari za ng'ombe na za wagonjwa, hata ukungu uwafunike.